Ukuta Wetu Haukumchagua Mtu

Nyumba yetu iko kando ya barabara ya vumbi inayokuja kutoka Mgori, na ukuta wake wa mbele hauna dirisha hata moja. Baba aliujenga hivyo makusudi, kwa sababu upepo wa kiangazi huku kwetu unabeba mchanga, na dirisha linaloutazama upepo ni kazi ya kufagia kila siku. Kwa hiyo anayepita barabarani anaona ukuta mmoja mrefu mweupe, uliopakwa chokaa kila mwaka mvua zikiisha. Hakuna ukuta mwingine kama huo mpaka ufike senta. Sisi tuliuona ni ukuta tu. Watu wa kampeni waliuona ni kitu kingine.

Nyuma ya nyumba kuna banda lenye mashine ya kukamua alizeti. Baba aliiacha alipofariki, na tangu hapo tunaiendesha mimi na mama. Mama anapokea watu, mimi nawasha injini, namimina mbegu, nachuja mafuta. Ni kazi inayonifaa kwa sababu injini ikiunguruma hakuna anayeniongelesha. Mimi si msichana wa maneno. Niliishia darasa la saba, na hata kuandika naandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayeokota mchele kwenye mchanga. Haya nimeyaandika kwa majuma mengi. Nilidhani hasira ingeisha katikati nikaacha, lakini haijaisha.

Mteja akileta alizeti yake anaondoka na mafuta, sisi tunabaki na mashudu. Wafugaji wanakuja kununua mashudu ya kulishia ng'ombe na kuku, na mashudu hayo ndiyo yaliyokuwa yanamweka mdogo wangu kwenye hosteli ya shule ya sekondari, maana shule yenyewe iko mbali mno kwa mtu wa kwenda na kurudi kwa miguu. Msimu ni mfupi. Watu wanavuna, wanapiga, wanapepeta, wanaleta. Mvua zikikaribia kila mtu amerudi shambani na mashine imenyamaza. Tusipopata mashudu katika miezi hiyo, hakuna miezi mingine. Na uchaguzi unaangukia humo humo.

Bandani kuna benchi moja refu. Wanaosubiri zamu wanakaa hapo, wa upande wa diwani wetu na wa upande unaompinga, bega kwa bega, kwa sababu benchi ni hilo moja. Mama alikuwa na sheria yake: siasa iachwe nje pamoja na baiskeli. Hakuna aliyeifuata kikamilifu, lakini iliwafanya wabishane kwa adabu.

"Mwenzangu, mtu wako ameahidi kisima tena?"

"Safari hii ameahidi na ndoo."

"Kamba je?"

"Kamba ni muhula ujao."

Walicheka wote, hata yule mwenye mtu wake. Hivyo ndivyo tulivyoishi kampeni zote ninazozikumbuka. Mtu alishuka na magunia yake, akakamuliwa, akaenda. Hakuna aliyejua mama anampigia nani kura, na hata mimi sikujua.

Mtu aliyevunja sheria ya mama kila siku alikuwa fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ukoo wake na wetu ni watani. Kwetu mtani anaweza kukutukana mchana kweupe, akachukua kuku wako, akaja hata msibani kwako kufanya vituko mbele ya wafiwa, na wewe hutakiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Fundi huyo alikuwa akiingia bandani anaanza na panya kabla ya siasa, kwa sababu palipo na alizeti panya hawakosi.

"Nyumba ya panya, hamjambo?"

"Hatujambo, mla vya watu," mama anamjibu.

"Panya wenu wamenenepa kuliko nyie. Wapeni na wao mashine waendeshe."

Siku moja, mwanzoni mwa kampeni, alikuja kijana aliyevaa viatu vyeupe akaomba kuchaji simu. Alikuwa ametoka mjini kufanya kazi ya matangazo ya diwani wetu, ambaye alikuwa anatetea kiti chake. Injini ilikuwa imezimwa tukisubiri dizeli, watu wamejaa kwenye benchi, na kijana akaona amepata mkutano.

"Wazazi wangu, msidhani kampeni zimeanza leo," alisema. "Warumi wa kale walikuwa wanafanya haya haya. Kuna mji wao mmoja ulifunikwa na majivu ya volkano. Walipokuja kuufukua, wakakuta kuta bado zina majina ya wagombea. Yaani tangazo limekaa karibu miaka elfu mbili!"

"Na aliyetangazwa alishinda?" mtu mmoja akauliza.

"Hilo sijui. Lakini sikiliza ujanja wao. Mgombea hakujisifia mwenyewe. Waliomsifia ni majirani. Unakuta ukutani: wauza matunda tunamtaka fulani. Waoka mikate tunamtaka fulani. Mnaona? Mtu hamwamini mgombea, anamwamini muuza matunda wake."

Fundi akamkazia macho. "Na hao wauza matunda waliulizwa?"

Kijana akacheka. "Shangazi, hiyo ni zamani mno, nani atajua?"

"Mimi si shangazi yako. Endelea."

Akaendelea. Alisema wagombea wa kale walisugua nguo zao kwa chaki ziwe nyeupe kabisa, waonekane kutoka mbali. Alisema mgombea alitembea na mtumwa wa kumnong'oneza majina, ili kila anayekutana naye amwite kwa jina kama rafiki wa siku nyingi. Alisema walishauriwa wasimnyime mtu ahadi, kwa sababu anayekataliwa leo anakasirika leo, lakini anayeahidiwa huenda akasahau. Watu wa kwenye benchi wakatazamana. Halafu akasema kuna maadui wa mgombea waliokuwa wajanja zaidi. Badala ya kumtukana, walimwandikia sifa ukutani kwa niaba ya watu wabaya: wezi wadogo wadogo wanamtaka, walevi wa usiku wanamtaka, wavivu wanaolala mchana wote wanamtaka.

Banda zima likacheka. Mama naye alicheka, akajifuta macho kwa kanga. Siku hiyo nilimpenda yule kijana. Alikuwa anajua kusimulia, na mimi nilikuwa sijawahi kusikia habari za mji uliofukuliwa. Nililala nikifikiria wale wauza matunda.

Majuma machache baadaye diwani mwenyewe akapita nyumba kwa nyumba. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo ilikuwa kama kisu, katika vumbi lile la kwetu, na nikajua maneno ya chaki hayakuwa hadithi. Nyuma ya bega lake alitembea mwanamume mwembamba. Kila walipokaribia mtu, yule mwembamba alisogeza mdomo kwenye sikio la diwani.

"Mama!" diwani akasema, akamwita mama kwa jina langu kama wanavyoitwa akina mama huku. "Mama yangu wa alizeti! Na huyu ndiye mwenyewe, amekuwa mkubwa! Na yule wa sekondari anasomaje?"

"Anasoma vizuri, Mheshimiwa."

"Safi sana. Na mzee hajambo? Mwambie nitapita tukae, tule nyama. Nimemkumbuka sana."

Yule mwembamba alimvuta shati, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Baba yangu alizikwa wakati wa kampeni zilizopita. Diwani huyu alikuja kwenye mazishi. Alipewa nafasi ya kusema, akasimama karibu na kaburi, akasema amepoteza rafiki na mshauri, akatoa kitambaa akajifuta uso. Mimi niliamini. Nilikuwa msichana mdogo nimekaa mkekani na wanawake, nikajiambia kumbe baba alikuwa na rafiki mkubwa namna hii na hakutuambia.

"Mzee ameshapumzika, Mheshimiwa," mama akasema. "Ulikuwepo."

"Aa, ndiyo, ndiyo. Namaanisha... Mungu amlaze pema." Akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili, muda mrefu, kama mtu anayepigwa picha. Na kweli alikuwa anapigwa picha. Yule kijana wa viatu vyeupe alikuwa ameinua simu.

Kisha kijana akaomba ukuta. Alisema kwa unyenyekevu sana kwamba wangependa kuandika maneno machache tu. Mama akamjibu bila kupandisha sauti.

"Hapana, mwanangu. Hapa wanakuja watu wote. Ukuta uache hivyo hivyo."

Diwani akadakia. "Sawa kabisa, mama yangu. Heshima yako ni heshima yangu. Hakuna atakayeugusa."

Mara nyingi nimefikiria jinsi alivyolisema lile neno. Halikumgharimu chochote. Alilisema kama mtu anayetema ganda la alizeti.

Jumamosi iliyofuata tulifunga banda tukaenda kuzika ndugu wa mama katika kijiji cha jirani. Tuliporudi jua lilikuwa bado juu. Nilikuwa mbele na beseni kichwani, nikaona ukuta kabla ya mama. Herufi nyeusi, ndefu kama mtoto wa shule, kutoka kona hadi kona: MAMA WA ALIZETI NA WATEJA WAKE WOTE TUMEAMUA. Chini yake jina la diwani, ambalo sitaliandika hapa. Limeshaandikwa vya kutosha.

Mama alisimama barabarani. Aliusoma ukuta mara moja, kisha akaenda akaugusa kwa kidole. Rangi ilikuwa ya mafuta na bado inanata.

"Nimeamua lini?" akasema. Hakuniuliza mimi. Alikuwa anauuliza ukuta.

Tulisugua kwa majivu. Tulisugua kwa mafuta ya taa. Rangi ilitanuka, ukuta ukawa na mawingu meusi, lakini maneno yalibaki yanasomeka hata kwa mtu aliye ng'ambo ya shamba. Chokaa ilikuwa imeisha tangu mwanzo wa kiangazi, na hata tungeipata, kupaka chokaa juu ya jina la mgombea ni jambo la kuogopwa. Mama akavaa kanga yake nzuri akaenda kwa mtendaji wa kijiji. Alirudi amechoka.

"Amesema nivumilie. Amesema kuna watu wanaomba heshima kama hii hawaipati."

Heshima! Mjane amekataa, ameahidiwa mbele ya watu, akaenda kuzika, akarudi akakuta ameshasemewa. Kama mtu angeingia ndani akamfungua mama mdomo kwa mikono na kutoa sauti humo, tungemwita mwendawazimu. Lakini akifanya hivyo kwa brashi anaitwa mtaalamu.

Jumatatu alikuja mtu mmoja tu na gunia moja. Jumanne walikuja wa upande wa diwani, wakakaa kwenye benchi wamejitanua, wakiongea kwa sauti mambo ambayo zamani waliyasema kwa kunong'ona. Mmoja wao akamwambia mzee aliyesimama mlangoni, ambaye kila mtu anajua yuko upande wa pili, "Karibu, karibu, umekuja kuomba msamaha?" Alikuwa anatania, lakini hakuwa mtani wake. Mzee akageuza baiskeli.

Alhamisi niliona mkokoteni wa ng'ombe unakuja, umejaa magunia. Nilimfahamu mwenye nao. Ni mkulima mkubwa wa kwetu, na alikuwa mteja tangu wakati wa baba. Yeye alikuwa wa upande unaopinga, na hakuficha. Nikakimbilia injini. Mkokoteni haukukata kona. Mama akatoka mpaka barabarani.

"Baba, mbona unapita?"

Hakusimamisha ng'ombe. "Nimesoma hapo kwamba nimeshaamua. Nashukuru kwa kuniamulia. Sasa ngoja nikakamue kwa watu wasionijua."

"Si mimi niliyeandika!"

"Ukuta ni wa nani?"

Mama alibaki amesimama katika vumbi la mkokoteni. Baada ya huyo hawakuja wengine. Magunia yalipita mbele ya nyumba yetu, kwenye mikokoteni, kwenye bodaboda, kwenye vichwa vya wanawake, kwenda kwenye mashine ya kijiji kinachofuata. Na wale wa upande wa diwani, ambao maneno yalisema ni wetu, hawakuwa wengi wa kutosha kujaza hata kona ya banda kwa mashudu. Mdogo wangu alikuwa amerudishwa nyumbani hosteli ilipotaka chakula cha muhula. Alikaa kwenye benchi tupu na daftari zake, na sisi hatukumwambia lini atarudi kwa sababu hatukujua.

Ndipo yule kijana akaja tena, amefurahi, kupiga picha ya ukuta. Mama hakuwepo. Nilikuwa peke yangu, lakini nilimsogelea.

"Kaka, tunaomba mfute."

"Shikamoo kwanza, sista," akatania. "Mbona una hasira? Ukuta wenu umekuwa maarufu. Picha yake imesambaa kata nzima."

"Wateja wamehama."

"Watarudi tukishinda. Watu wanakwenda penye nguvu. Hiyo ndiyo siri waliyoijua Warumi."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba alisoma kuta zile akajifunza jinsi ya kumtumia muuza matunda, na hakuwahi kufikiri kwamba yule muuza matunda asubuhi iliyofuata alifungua meza yake na akahitaji watu waje. Huenda nusu ya watu wa mtaa wake walipita na vikapu vyao wakaenda kwa mwingine. Hayo majivu hayakutuhifadhia. Lakini kama kawaida yangu niliinama tu nikaokota ndoo tupu. Yeye akapiga picha yake akaenda.

Aliyesikia yote ni fundi cherehani. Alikuwa amesimama kwenye kona ya banda, na uso wake haukuwa wa utani.

"Mtoto," akasema, "yule si ndiye aliyesimulia habari za wezi na walevi?"

"Ndiye."

"Leta masizi. Changanya na mafuta yenu mabovu. Utaandika."

"Nitaandika nini, bibi? Watatukamata."

"Wewe utaandika, nitakayesema ni mimi. Mimi ni mtani wa nyumba hii. Nani atanikamata kwa kuwatania watani wangu?"

Nilikwangua masizi ya sufuria na ya jiko la kuni, nikayakoroga na machicha ya mafuta. Brashi ilikuwa kipande cha katani nilichokigonga kwa jiwe. Fundi akaniweka mbele ya ukuta na kuniambia niandike katikati ya mistari yao na chini yake, palipo wazi. Ilikuwa mchana, na watu walikuwa wanatoka gulioni. Nilianza herufi ya kwanza.

"Haraka kidogo basi," fundi akasema. "Kwa mwendo huu uchaguzi utapita hujamaliza panya mmoja."

Niliandika: NA PANYA WA NYUMBA HII TUMEAMUA. Mtu wa kwanza aliyesoma alikuwa mwanamke mwenye kikapu cha nyanya. Alicheka mpaka akakiweka chini. Kisha wakaja wengine. Fundi akasimama kama mwalimu wa kwaya.

"Andika: na jogoo wa nyumba hii, asiyejua saa, ameamua."

Niliandika. Herufi zilikuwa za kupinda.

"Andika: na kunguni wa benchi wameamua, wakiwa wamekaa."

Watu walikuwa wamejaa upande wa pili wa barabara. Walikuwemo wa pande zote mbili, nao walicheka kwa pamoja. Nilikuwa sijawasikia wakicheka hivyo tangu Jumamosi ile. Ndipo mama akafika kutoka kuteka maji. Akatua ndoo, akasoma vyote toka juu hadi chini. Nilidhani atanipiga kofi mbele za watu. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini wote walisikia.

"Andika na baba yako."

"Mama?"

"Si alimsalimia? Si alisema watakula nyama? Basi andika. Na marehemu mwenye nyumba, aliye kaburini, ameamua."

Nilimtazama fundi. Mtani huwa hakosi neno, hata msibani. Safari hii alikuwa ameinamisha kichwa. Niliandika mstari ule polepole kuliko yote, na hakuna aliyeniharakisha. Nilipofika kwenye neno kaburini mama aligeuka akaingia ndani.

Habari ilifika senta kabla masizi hayajakauka. Walikuja na pikipiki: mtendaji wa kijiji, kijana wa viatu vyeupe, na vijana wengine wawili wa kampeni. Watu hawakuondoka. Walijua kuna kitu cha kuona.

"Nani ameandika haya?" mtendaji akauliza. "Kuharibu tangazo la mgombea ni kosa."

"Na kuharibu ukuta wa mjane si kosa?" sauti ikatoka kwenye umati.

Fundi akajitokeza mbele, mikono kiunoni. "Shikamoo, Mheshimiwa Mtendaji. Maneno ni yangu."

"Marahaba. Mama, umemtukana mgombea."

"Wapi? Nisomee. Mimi macho yangu yameharibiwa na cherehani."

Mtendaji akaanza kusoma. Panya. Kicheko. Jogoo. Kicheko. Kunguni. Fundi akawa anaitikia kila mstari, "Ndiyo, hao ni wa nyumba hii. Nawatania watani wangu kwamba wana panya. Mgombea ana undugu na panya? Kama ana undugu, samahani, sikujua." Mtendaji mwenyewe midomo ilikuwa inamcheza. Yeye ni mtu wa huku, anajua utani ni nini, na anajua angemshika mtani kwa utani angechekwa mpaka astaafu.

Kisha akafika mstari wa mwisho. Aliutazama. Alikuwa kwenye mazishi ya baba, yeye ndiye aliyekuwa akiratibu wasemaji. Hakuusoma kwa sauti. Akamgeukia yule kijana.

"Hili soma wewe."

Kijana hakusoma. Aliinua simu kama anayetaka kupiga picha, akaishusha, kwa sababu picha ya ukuta ule sasa haikuwa na faida kwao. Maneno yetu yalikuwa yamepita katikati ya yao, na huwezi kulisoma jina la diwani bila kumsoma marehemu.

Jioni ile ile wale vijana wawili walirudi na ndoo za chokaa, wakaupaka ukuta wote, jina la bosi wao pamoja na kunguni. Walipaka kwa hasira, wakirusha matone. Fundi alikaa kwenye kigoda akawaonyesha mahali waliporuka. "Pale juu bado, wanangu. Pale bado mtu wenu anachungulia."

Ningependa kuishia hapo. Wengi wanaposimulia habari hii kwenye vilabu wanaishia hapo, na wanacheka. Lakini mimi ndiye ninayewasha injini, na injini haikuwaka. Ukuta ulikuwa mweupe na magunia yaliendelea kupita. Nilidhani yatarudi kesho yake. Hayakurudi kesho yake wala juma lililofuata. Diwani alishinda. Kura alizozipata hazikutokana na ukuta wetu, yeye angeshinda hata kama tungekuwa hatuna nyumba, na hilo ndilo linaloniuma. Walitufanyia vile kwa kitu ambacho hawakukihitaji.

Siku chache baada ya matokeo, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika, yule mwenye mkokoteni wa ng'ombe akakata kona akaingia uani. Alikuwa na magunia machache, mabaki ya mwisho wa msimu. Mdogo wangu aliyashusha. Mama alimletea mzee kiti kama mgeni, hakumwachia benchi.

"Mnajua," mzee akasema, anazungusha kofia mikononi, "mimi nilijua tangu siku ile kwamba si nyie mlioandika. Nani asiyejua? Mwandiko ule ule uko kwenye ukuta wa godauni kule senta. Kila mtu alijua."

Mama aliendelea kukung'uta mbegu kwenye ungo. Nami nikasikia sauti ikiuliza, na ilikuwa yangu.

"Sasa mbona ulipita?"

Mzee alinitazama. Nadhani hakuwahi kunisikia nikisema. "Mwanangu, kila mtu alikuwa anaangalia nani anasimama hapa. Ningesimama, wenzangu wangesema nimehongwa. Ungefanya nini wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu aliyeamini uongo. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu ambaye hakuamini hata siku moja, na akapita. Maneno ya pale ukutani hayakumdanganya mtu yeyote. Yaliwaogopesha tu, huyu akamwogopa yule na yule akamwogopa huyu, sisi tukabaki na benchi. Kama yule kijana alijifunza jambo moja la kweli kutoka kwenye mji wake wa majivu, basi ni hilo, na nina hakika hakujua amejifunza. Mdogo wangu alikuwa ameketi juu ya gunia la mwisho, anasubiri nimjibu mzee. Muhula ulikuwa umebaki kidogo mno kumrudisha hosteli.

"Ningesimama," nikamwambia.

Mzee alifungua mdomo kusema kitu kingine. Nikazungusha mpini wa injini kwa nguvu zangu zote, ikawaka, na sikumsikia.